Beseni la Mary Cassatt na Jua la Saa Saba

Saa saba mchana mtaani Spring Valley, Nairobi, jua liko utosini. Tuko digrii 1 hivi kusini mwa Ikweta, na ikifika Machi au Septemba kivuli cha mtu hujikunja miguuni pake. Nyumbani mwanga hupiga kwanza ua na varanda, ndipo unapanda ukutani ukiwa umetawanyika. Anayetaka kumchora mama na mwanawe kwa kung'arisha shavu moja na kuzamisha la pili gizani itambidi abuni kivuli ambacho hakipo.

Kwa tatizo hilo sijaona somo bora kuliko The Child's Bath ya Mary Cassatt, Mmarekani aliyefanya kazi Ufaransa pamoja na Degas na wachoraji wengine wa Impreshoni. Ni picha ya rangi ya mafuta ya 1893, yenye urefu wa karibu sentimita 100 na upana wa 66, iliyoko Art Institute of Chicago. Mama amempakata mtoto, anamwosha mguu kwenye beseni. Kivuli kizito hukioni popote.

Tazama vazi la mama. Mistari yake mipana inashuka, ikifika gotini inapinda, na kupinda huko ndiko kunakoonyesha kwamba chini ya kitambaa kuna paja lenye uzito. Miguu ya mtoto haina nakshi yoyote, kwa hiyo inajitokeza yenyewe, na jicho linaifuata hadi majini. Tunawatazama kutoka juu, mdomo wa beseni umekaribia duara kamili, na zulia limepanda nyuma yao kama ukuta. Ujasiri huo Cassatt alijifunza kwa Wajapani: mwaka 1890 aliona Paris maonyesho makubwa ya picha zao zilizochapwa kwa mbao, naye akachapa seti yake ya picha 10 za rangi.

Kwetu Kenya, msanii Rosemary Karuga alifika karibu na uchoraji huo usio na kivuli kwa njia nyingine kabisa. Alizaliwa 1928, akawa mwanamke wa kwanza kusomea sanaa Makerere, kisha akafundisha kwa miaka mingi. Aliporudia sanaa kwa dhati miaka ya 1980, rangi zilikuwa ghali. Akachukua pakiti za unga na karatasi za sabuni ya Rexona, akazikata vipande vidogo na kuvibandika hadi vikawa wanawake, mifugo na maisha ya kijijini.

Karatasi ina ukaidi wake. Ukibandika manjano juu ya buluu hupati kijani. Unapata manjano tu. Kila rangi lazima itafutwe kwenye pakiti na kuwekwa kando ya nyingine, jicho lizichanganye lenyewe, jambo ambalo Monet, mchoraji mwingine wa Impreshoni, alilifanya kwa burashi. Cassatt bado aliweza kulainisha shavu la mtoto kwa rangi mbichi. Karuga hakuwa na njia hiyo ya kutorokea, na kwa mbinu tupu namwona mkakamavu zaidi.

Kwa hiyo mchoraji anayemkuta dada akimwogesha mtoto kwenye karai nyuma ya nyumba, leso kiunoni, aanze na pindo la leso. Alifuate linavyopanda paja na kuvunjika gotini, abandike rangi pembeni ya rangi, na kivuli akiache hadi mwisho, kama bado kitahitajika.