Makasi ya László Polgár

Nina wasiwasi wangu na baba anayetangaza kwamba watoto wake watakuwa mabingwa kabla hata hawajazaliwa. László Polgár wa Budapest, mtaalamu wa malezi na elimu, alifanya hivyo. Ila nikiliweka kando tangazo hilo nikaitazama mikono yake, natulia.

Binti yake wa kwanza, Zsuzsa, alizaliwa mwaka 1969. Alipokuwa na miaka minne alizikuta kete za sataranji nyumbani, akataka kuzichezea. Baba hakummwagia kanuni zote. Alipanga vitunda peke yavyo, wale askari wa mbele. Kitunda husonga mbele tu, hula kwa mshazari. Wa kwanza kufika ng'ambo ndiye mshindi. Mtoto alipouzoea mwendo huo, kete nyingine zikaingia ubaoni.

Yakafuata mafumbo: mfungie mfalme kwa hatua moja. Fumbo likiwa jepesi, mtoto hupiga miayo. Likiwa zito, hulia. Mwalimu hutafuta lile atakaloliweza baada ya kukuna kichwa kidogo, kisha hutafuta lingine, na kesho tena. Zsuzsa hakuwa ametimiza miaka mitano aliposhinda mashindano ya jiji ya wasichana wa chini ya miaka 11, michezo kumi kwa kumi.

Kompyuta za kuhifadhi michezo hazikuwapo. Polgár alikata michezo iliyochapishwa magazetini, akaibandika kwenye kadi, akazipanga droo kwa droo kufuata ufunguzi na mchezaji. Anayejua atakutana na nani kesho huvuta droo, akazisoma tabia za mpinzani huyo jioni hiyohiyo. Kadi zilifika kama 200,000. Jaribu moja tu: kata bila kuipoteza hatua ya mwisho, paka gundi, ngoja ikauke, andika majina, iweke mahali utakapoiona tena mwakani.

Klára, mama yao, mwalimu wa lugha, aliwafundisha nyumbani na kusafiri nao; watawala walinung'unika kwamba watoto hawaendi shule. Zsófia akaja mwaka 1974, Judit 1976, na kila mmoja alianzishwa upya, kwa subira ileile. Wote watatu walimpita baba yao mapema sana, akawatafutia walimu wenye nguvu zaidi, naye akabaki na makasi yake.

Mwaka 1988, huko Thessaloniki, timu ya wanawake ya Hungaria ilitwaa dhahabu ya Olimpiadi ya sataranji mbele ya Wasovieti. Kati ya wachezaji wanne, watatu walikuwa hao dada. Mwaka 1991 Judit akawa gwiji rasmi akiwa na miaka 15, akiivunja rekodi ya Bobby Fischer ya kuwa gwiji mdogo kuliko wote.

Miaka mitatu baadaye baba alichapisha kitabu cha mafumbo na michezo 5,334. Mafumbo 3,412 kati ya hayo ni ya kumfungia mfalme kwa hatua mbili tu.