Muujiza Usio na Kelele

Itajwapo sanaa ya Baroko, fikra za wengi hukimbilia dari za makanisa ya Roma, malaika waliosongamana mawinguni na dhahabu isiyo kiasi. Fikra hiyo si potofu, ila imepunguka. Katika karne hiyo hiyo ya 17, ndani ya Kanisa hilo hilo Katoliki, walikuwako waumini walioona kuwa mapambo humziba mtu asimwone Mungu. Hao ni watawa wa Port-Royal, nchini Ufaransa, pamoja na mchoraji wao, Philippe de Champaigne.

Champaigne, mzaliwa wa Brussels, alipata sifa kwa kumchora Kadinali Richelieu katika joho jekundu la fahari. Alijua, basi, namna ya kuutukuza ukubwa. Lakini msiba ulipoingia nyumbani mwake, fahari aliiacha. Binti yake, mtawa wa Port-Royal, alipooza miguu kwa zaidi ya mwaka mmoja. Mama Agnès Arnauld akamwombea kwa siku tisa, na Januari 1662 binti akatembea. Baba alishukuru kwa picha, ambayo leo imo katika jumba la Louvre, Paris.

Na tuitazame. Chumba ni kitupu, ukuta wa kijivu, msalaba wa mti hauna sanamu ya Yesu. Binti ameketi, miguu ameinyosha. Mama Agnès amepiga magoti kando yake. Misalaba miekundu vifuani mwao ndiyo rangi pekee inayopaza sauti. Malaika hawapo. Mgonjwa hajasimama. Upo mwali mmoja tu wa nuru, ukishuka kati yao.

Ukimya huo si uhaba wa ufundi. Wakati ule watawa hao walishurutishwa kutia saini hati ya kuyalaani mafundisho ya Jansenius. Kwa watu waliotuhumiwa uzushi, uponyaji ulikuwa ushahidi kwamba Mungu hajawatupa. Champaigne angeweza kupiga tarumbeta. Alichagua kusema kama shahidi aliyeapa, kwa maneno machache.

Hata hivyo, dosari ipo. Ukutani ameandika maelezo marefu ya Kilatini, na bila hayo tusingejua kwamba mgonjwa alipona. Hapo ndipo sanaa hii inapofikia mpaka wake: huweza kuonyesha imani inayongoja, jibu haliwezi.

Mwaka 1709 watawa walifukuzwa Port-Royal ya mashambani, na majengo yao yakabomolewa kwa amri ya Louis XIV. Wanawake wale wawili wangali wakingoja katika chumba chao kitupu.