Kasoro za Mpingo

Mto Ruvuma unazaliwa jirani yetu kabisa, kwenye milima ya Matogoro pembezoni mwa mji wa Songea, kisha unasafiri kilometa zipatazo 800 hadi Bahari ya Hindi. Huku kwetu bado ni kijito. Ni huko chini, unapokaribia mwisho wa safari, ndiko Wamakonde wanakoweka mwanzo wa kabila lao. Wanasimulia kwamba palikuwa na mtu aliyeishi porini peke yake, asiyeoga wala kunyoa. Siku moja akachukua kipande cha mti, akachonga umbo la mwanamke, akalisimamisha nje ya makazi yake. Usiku lile umbo likapata uhai. Wakashuka pamoja mtoni Ruvuma kuoga, na yule mwanamke akawa mkewe. Mtoto wao wa kwanza alizaliwa mfu. Wakahama, wakapanda juu kidogo. Wa pili naye akazaliwa mfu. Wa tatu akazaliwa juu kwenye uwanda, penye vichaka vizito na mbali na maji, akaishi. Mjerumani Karl Weule, aliyezunguka kusini mwa nchi yetu mwaka 1906, aliiandika hadithi hiyo kama alivyoisikia.

Nimesoma visa vingi vya asili za watu. Wako waliotoka pangoni, wako walioshushwa kutoka mbinguni. Hiki cha Wamakonde nakipenda kuliko vyote, kwa sababu binadamu wa kwanza haanzi na jembe wala upinde. Anaanza na kuchonga.

Mti wa kuchongea mkoa wetu unao. Ukitoka Songea kuelekea Namtumbo na Tunduru, ndani ya misitu ya miombo kuna mpingo: mti mfupi, wenye miiba na shina lililopinda, ambao asiyeujua atapita bila kusimama. Hukua polepole mno. Huhitaji miaka 70 hadi 100, pengine zaidi, kufikia unene wa kukatwa. Chini ya gamba kuna tabaka jeupe, na ndani ya tabaka hilo moyo mweusi, mzito kiasi kwamba kipande chake kikitupwa majini huzama. Watengenezaji wa klarineti na oboi duniani kote huutaka moyo huo, lakini huutaka ulionyooka, usio na ufa, tundu wala fundo. Kwa mpingo hilo ni jambo la nadra. Moto wa kiangazi huuachia makovu, kuoza huingilia kwenye kovu, na gogo linaloonekana zima kwa nje mara nyingi huwa na pango katikati. Sehemu kubwa ya mti hukataliwa.

Mchonga vinyago vya mashetani huanzia hapo alipoachia mtu wa klarineti.

Shetani wa Wamakonde si Ibilisi wa misikitini na makanisani. Ni kiumbe wa porini au majini, mwingine mbaya, mwingine mtundu tu. Ana jicho moja, au ziwa moja lililogeuka mkono, au miguu inayoota kichwa kingine. Hana umbo maalumu, na hapo ndipo ugumu wa kazi ulipo. Anayechonga mzee mwenye fimbo ana mzee wa kumtazama. Anayechonga shetani hana wa kumtazama ila gogo.

Sanaa hii haina umri mkubwa kama wengi wanavyodhani. Kuchonga kwenyewe ni kwa zamani sana, hasa barakoa za ngoma za jandoni, ambazo huchongwa kwa mti mwepesi. Vinyago vya mashetani vya mpingo vilianza kuelekea mwisho wa miaka ya 1950 Dar es Salaam, na jina linalotajwa ni la Samaki Likankoa, Mmakonde aliyetoka Msumbiji. Inasimuliwa kwamba alikuwa akichonga mtu wa kawaida, mkono ukavunjika. Badala ya kutupa kazi, akaifuata pale ilipovunjikia, na mtu akageuka kiumbe wa porini. Mohamed Peera, mfanyabiashara wa vinyago wa jijini, alikinunua kinyago hicho na kutaka vingine. Wakafuata wachongaji wengi, na baadaye George Lilanga wa Masasi akawatoa mashetani hao kwenye mti na kuwatia kwenye picha za rangi, wakazunguka dunia.

Ukitaka kuielewa kazi yenyewe, nenda Mwenge, Dar es Salaam, kwenye vibanda vya wachongaji. Usinunue kwanza, kaa. Fundi huweza kuligeuza gogo muda mrefu kabla ya kushika chombo. Hachori mstari wowote. Anatafuta tundu linakoelekea na ufa unakoishia. Kisha shoka huondoa gamba na sehemu ya tabaka jeupe, ingawa fundi mjuzi huliacha jeupe hilo mahali fulani, kwenye kucha au ukingo wa sikio, nalo huwa rangi pekee ya kinyago. Baada ya shoka ni tezo, na hapo umbo linaanza kujitokeza. Patasi na nyundo ya mti huingia kwenye matundu. Mpingo hula makali ya chuma haraka, kwa hiyo sauti ya kunoa inasikika karibu sawa na ya kuchonga. Viungo vyembamba huachwa vinene hadi mwisho, maana mti mgumu hivi hauinami, huvunjika, na kinyago hiki hutoka kwenye gogo moja bila kiungo wala gundi. Tupa hufuata, kisha msasa, mkali kwanza na mlaini baadaye, mpaka weusi uanze kung'aa wenyewe. Kulainisha ndani ya tundu kwa ncha ya kidole ni kazi ya siku kadhaa. Watazamaji wengi huwa wamekwishaondoka.

Mexico wana ndugu wa mashetani hawa. Mwaka 1936 fundi wa vinyago vya karatasi, Pedro Linares, aliugua, na katika homa yake akaota wanyama wasiokuwepo: punda mwenye mabawa, jogoo mwenye pembe za fahali. Baadaye wachongaji wa Oaxaca, Manuel Jiménez akiwa mbele yao, waliwahamishia viumbe wa namna hiyo kwenye mti wa copal, nao pia hufuata tawi lilivyopinda. Nazihusudu kazi zao. Lakini copal ni mti laini, na juu yake hupakwa rangi kali inayoweza kuficha pale mkono ulipokosea. Mpingo haufichi kitu. Palipokosewa panabaki peusi na wazi kama palipopatiwa.

Kwa maoni yangu ndiyo sababu shetani anauzidi hata mtindo wa ujamaa, ile nguzo ya watu waliobebana, iliyoanzishwa na Yakobo Sangwani. Nguzo ya ujamaa ni nzuri, na iliyochongwa vizuri hunisimamisha. Ila kijana akishaijua anaweza kuirudia. Shetani harudiwi, kwa kuwa hakuna magogo mawili yaliyooza sawasawa.

Kwa anayetaka kununua: vipo vinyago vya miti mingine vilivyosuguliwa rangi ya viatu, basi kipime kwanza kinyago kwa uzito mkononi. Kisha kizungushe. Cha haraka utakijua kwa mgongo. Mbele pana meno, macho na ulimi, nyuma pamelainishwa tu. Cha fundi hasa, utashindwa kuamua mbele yake ni wapi, na ule ufa uliomsumbua siku ya kwanza utaukuta umekuwa mdomo, au mfereji wa uti wa mgongo, umefuatwa hadi unapoishia.