Tusichague programu ya maktaba bila kuuliza inakijuaje Kiswahili

Maktaba zetu zinapoamua kuhifadhi tasnifu, picha na miswada kidijitali, swali la kwanza huwa ni bei ya programu. La pili huwa ni nafasi ya kuwekea faili. Lugha ya nyaraka zenyewe, aghalabu, haitajwi kabisa. Hoja yangu ni kwamba, kwa maktaba yenye hazina ya Kiswahili, lugha ndiyo ingetangulia.

Hebu kwanza tutenganishe mambo mawili yanayochanganywa. Koha, iliyobuniwa New Zealand na ambayo jina lake ni neno la Kimaori lenye maana ya zawadi, husimamia orodha ya vitabu na shughuli za kuazima. Nyaraka zenyewe huhifadhiwa na programu kama Greenstone ya Chuo Kikuu cha Waikato, huko huko New Zealand, au DSpace, iliyozinduliwa mwaka wa 2002 na chuo cha MIT pamoja na kampuni ya Hewlett-Packard. DSpace ndiyo iliyoenea katika vyuo vikuu vyetu, kikiwemo Chuo Kikuu cha Nairobi. Zote tatu ni programu huria zisizotozwa ada ya leseni. Si haba, ila rahisi huvunja upishi: seva na fundi wa kuitunza vinahitaji pesa kila mwaka.

Gharama isiyoonekana, hata hivyo, imo katika utafutaji. DSpace kwa kawaida huja imepangwa kukata miisho ya maneno kwa kanuni za Kiingereza, ndiposa anayetafuta umoja wa neno hupata na wingi wake. Kiswahili nacho hubadilikia mwanzoni: kitabu, vitabu, mwandishi, waandishi, utenzi, tenzi. Kwa mashine hiyo, hayo ni maneno yasiyo na udugu wowote. Mwanafunzi akiandika "tenzi", waraka wenye "utenzi" pekee hauonekani, naye ataondoka akiamini kwamba haupo. Upo, lakini umezikwa.

Kuna pia suala la majina. Fomu ya kuingizia maelezo hudai jina la ukoo na jina la kwanza. Sasa Muyaka bin Haji tumweke wapi? Mkutubi mmoja ataandika "Haji, Muyaka bin", mwingine "Muyaka bin Haji", na katika orodha ya waandishi mshairi mmoja wa Mombasa atakuwa watu wawili. Kazi zenyewe zina majina zaidi ya moja: Utendi wa Tambuka huitwa pia Chuo cha Herekali. DSpace ina sehemu ya kuandikia anwani mbadala, lakini sehemu hiyo ikiachwa tupu, kosa si la programu tena, ni letu.

Je, tuzikatae programu hizi? La hasha. Uhuria wake ndio unaotupa nafasi ya kuzirekebisha. Injini ya utafutaji ndani ya DSpace, iitwayo Solr, inakubali orodha ya maneno ya kuhusishwa, kwa hivyo "tenzi", "utenzi" na "utendi" yanaweza kufunguliana mlango. Kuiandaa orodha hiyo si kazi ya fundi wa kompyuta peke yake. Inamhitaji mtaalamu wa isimu aketi na mkutubi, na hapa ndipo idara zetu za Kiswahili zimelala usingizi wa pono.

Kabla ya kuchagua, basi, maktaba ijaribu kila programu kwa nyaraka zake kumi: tasnifu, gazeti kuukuu, hata mswada wa hati za Kiarabu. Itafute umoja, kisha wingi. Itafute jina la mshairi kwa namna tatu. Halafu itoe kila kitu nje, ione kama maelezo yatatoka salama siku ya kuhamia kwingine. Programu ikishindwa mtihani huo na isirekebishike, hata iwe ya bure, tuiache.