Buruhani na Amini: Ithibati na Imani katika "Kusadikika"

Sekenke, katika nchi ya Iramba mkoani Singida, hukumbukwa kwa machimbo yake ya dhahabu. Mnamo 1916, katikati ya Vita Kuu ya Kwanza, dhahabu hiyo ilipigwa Tabora ikawa sarafu za Kijerumani zenye sura ya tembo. Sayansi yaweza kuieleza sarafu hiyo pasipo shaka: uzito wake ni gramu 7 na kidogo, na robo tatu yake ni dhahabu safi. Lakini thamani ya rupia 15 iliyoandikwa juu yake haikutoka katika mizani. Ilitoka katika amri ya serikali, ikapata nguvu kwa kusadikiwa.

Tofauti hiyo ya kipimo na thamani yafaa ikumbukwe kila kisomwapo "Kusadikika", kitabu cha Shaaban Robert kilichotoka mnamo 1951. Kwa kuwa jina la nchi hiyo latokana na "sadiki", ni rahisi kukifanya kitabu kizima kuwa shauri la elimu dhidi ya imani: Karama, mwalimu wa sheria, ashtakiwa na Waziri Majivuno, naye ashinda kwa hoja.

Majina ya wajumbe sita yanaukanusha usomaji huo. Buruhani ni ithibati. Fadhili ni wema. Amini ni mwenye kuaminika, na asili yake ndiyo iliyozaa "imani". Wote walitumwa kutafuta mambo ya kuifaa nchi, na wote waliporudi walitiwa gerezani. Kilichowafunga si dini, bali kiburi, kama jina la Majivuno linavyotangaza. Mtungaji, aliyekuwa Mwislamu, hakuziweka ithibati na imani katika pande mbili za shauri; aliziweka katika kifungo kimoja.

Ila moja yabaki. Mtu aliyeitwa Fadhili hana budi kuwa mwema. Wema wake haujaribiwi. Wala haionyeshwi siku ambayo Buruhani na Amini wangehitilafiana. Maisha hayana huruma hiyo. Wachimbaji wadogo wa Tanzania hutumia zebaki kukamata dhahabu, na sayansi imekwisha kuthibitisha madhara yake. Ithibati yaeleza jinsi moshi wa zebaki unavyomdhuru mtoto wa jirani. Haimlazimishi mtu kumjali mtoto huyo. Hapo ndipo Buruhani amhitajipo Fadhili, na kitabu kilipowaachia wasomaji kazi.