Mbwa Alipona. Lakini Je, Kalsiamu Ndiyo Iliyomponya?

Ukifuga mbwa mkubwa hapa kwetu, kuna ushauri mmoja ambao lazima utaupata. Mbwa wako ana miezi saba, asubuhi anaamka anachechemea. Hajagongwa na bodaboda, hajapigana, hajaanguka popote. Unamuuliza jirani, unauliza duka la dawa za mifugo, unampigia aliyekuuzia. Wote jibu lao ni moja: "Huyo anakua haraka, mifupa imekosa kalsiamu. Mpe kalsiamu."

Leo nataka tuupitie ushauri huu kama tunavyopitia makala za kisayansi: unadai nini, ushahidi wake ni upi, na unakwama wapi. Na nikiri mapema kwamba mimi si msuluhishi asiye na upande. Niliwahi kuutoa ushauri huu mwenyewe, na kuna mbwa aliyeulipia.

Ilikuwa hivi. Kaka yangu ana German Shepherd anaitwa Simba. Alipofika miezi saba akaanza kuchechemea mguu wa mbele wa kushoto. Wiki mbili baadaye mguu ule ukatulia, ukaanza wa nyuma wa kulia. Tukanunua kopo la kalsiamu ya unga, tukawa tunamchanganyia kwenye chakula. Baada ya mwezi na nusu hivi, Simba alikuwa anakimbia uani kama hajawahi kuumwa. Tukafurahi, tukalisifia kopo.

Miezi michache mbele, mama mmoja jirani yetu akanifuata. Mbwa wake jike, chotara wa Labrador, miezi sita, anachechemea mguu wa mbele. Nikamwambia bila hata kusita: "Mama, mpe kalsiamu tu, wa kwetu alipona kabisa." Kwa kuwa mimi ndiye "msomi" wa mtaa, aliniamini. Akampa kalsiamu miezi minne. Mbwa hakupona.

Kupona si ushahidi

Hebu tuanze na ule ushahidi wangu wa Simba. Mbwa aliugua, akapewa kalsiamu, akapona. Inaonekana imetosha, sivyo?

Tatizo ni kwamba kuna ugonjwa unaoondoka wenyewe na unafanana sana na alichokuwa nacho Simba. Unaitwa panosteitisi. Ni maumivu yanayotokea ndani ya mifupa mirefu ya miguu, huwapata zaidi mbwa wa aina kubwa kati ya miezi 5 na 18 hivi, na German Shepherd wanaongoza. Alama yake kubwa ni kuhamahama: leo mguu huu, wiki mbili baadaye ule. Daktari akiubonyeza mfupa katikati, mbwa anavuta mguu au analia. Chanzo chake bado hakijaeleweka vizuri, lakini mwenendo wake unajulikana: huja, hupungua, hurudi, na mwisho mbwa hukua na kuachana nao.

Sasa fikiria. Ugonjwa unaojiishia wenyewe, ukiupa dawa yoyote, dawa hiyo itaonekana imeponya. Ungempa Simba kalsiamu, maji ya mchele, au ungemsomea gazeti kila jioni, angepona vilevile. Tena watu huwa tunatafuta dawa siku ambayo hali ni mbaya kuliko zote, kwa hiyo hata bila dawa, siku zinazofuata zina uwezekano mkubwa wa kuwa afadhali. Ndiyo maana watafiti hung'ang'ania kundi la kulinganishia: mbwa wanaofanana na wale wengine kwa kila kitu, ila hawakupewa dawa. Kaka yangu alikuwa na mbwa mmoja na kopo moja. Hapo hakuna cha kulinganisha.

Watafiti waliolinganisha walipata nini?

Bahati nzuri suala hili limefanyiwa majaribio. Mwaka 1974, Åke Hedhammar na wenzake wa Chuo Kikuu cha Cornell, Marekani, walichapisha kazi kuhusu watoto wa mbwa aina ya Great Dane. Wengine walikula chakula chenye virutubisho vingi mpaka washibe wenyewe, wengine wakapimiwa kidogo. Walioshiba ndio waliopata matatizo mengi zaidi ya mifupa na viungo. Yaani kinyume kabisa na yale tunayoambiana mtaani.

Lakini kazi hiyo nayo ina pengo, na inafaa tulitaje. Chakula kile kilikuwa na kila kitu kwa wingi: nguvu, protini, kalsiamu, fosforasi. Ukisema chakula kingi kilileta madhara, hujasema ni kitu gani ndani yake. Ikabidi wengine watenganishe. Mwaka 1985, kundi la Herman Hazewinkel huko Utrecht, Uholanzi, lilibadilisha kalsiamu. Watoto wa Great Dane waliozidishiwa kalsiamu walipata kasoro katika ukuaji wa mifupa na gegedu. Baadaye, mwaka 1991, watafiti wa hukohuko wakajaribu protini peke yake, na hawakuona madhara hayo.

Kwa nini kalsiamu izidi? Si mwili utaitoa? Kwa mbwa mkubwa, utumbo huchuja: ikiwa ipo ya kutosha, hufyonza kidogo. Mtoto wa mbwa wa miezi michache hana mlinzi huyo mlangoni. Kalsiamu ikija nyingi, nyingi inaingia. Halafu mwili unaanza kuipambania isizidi kwenye damu, na katika mapambano hayo mifupa inayokua huvurugika.

Kuna na utafiti wa 1992 wa Kealy na wenzake, uliofuatilia mbwa 48 wa aina ya Labrador. Waliwapanga wawili wawili, mmoja akapewa chakula pungufu kwa asilimia 25. Walipofika miaka miwili, katika kundi lililokula kwa kujiachia, 16 kati ya 24 walikuwa na displasia ya nyonga, yaani nyonga isiyokaa vizuri kwenye tundu lake. Kwa waliopunguziwa, walikuwa 7 kati ya 24. Mbwa hao walifuatiliwa mpaka kufa, na waliopunguziwa waliishi kwa wastani wa kati wa miaka 13.0 dhidi ya 11.2. Utafiti huu ulifanywa na kampuni ya chakula cha mbwa, Ralston Purina. Kwa kawaida ningekunja uso, ila kampuni inayouza chakula ikikwambia umpe mbwa wako chakula kidogo, inabidi umsikilize tu.

Mahali ambapo ushauri una haki

Ningeishia hapa ningekuwa nimefanya kosa lilelile la kuchukua jibu la mbwa mmoja na kuwapa wote. Mbwa wa Utrecht na Marekani walikula chakula kilichopimwa. Mbwa wetu wengi wanakula ugali na mabaki ya bucha.

Nyama tupu ina fosforasi zaidi ya mara 10 ya kalsiamu, wakati mbwa anayekua anahitaji kalsiamu iizidi fosforasi kidogo. Unga wa mahindi nao una kalsiamu chache mno. Mtoto wa mbwa akilelewa kwa ugali na utumbo au mapafu tu, mwili unaanza kukopa kalsiamu kutoka kwenye mifupa yake. Mifupa inakuwa myepesi, miguu inapinda, wakati mwingine inavunjika kwa kuruka ngazi moja tu. Huyo naye anachechemea, na huyo kweli amekosa kalsiamu.

Kwa hiyo yule muuza dawa hakosei kila siku. Anachokosea ni kuuza jibu kabla ya kuuliza swali. Swali la kwanza ni: anakula nini? Anayekula chakula cha dukani cha watoto wa mbwa tayari ana kalsiamu yake, na kopo ni kumzidishia. Anayekula ugali na nyama tupu anahitaji chakula chake kirekebishwe chote, kwa mfano kwa dagaa wazima na mifupa yao au unga wa mifupa uliopimwa, kwa kiasi atakachokisema daktari. Simba alikuwa kundi la kwanza. Hatukuuliza.

Neno moja linaloficha magonjwa kumi

Kasoro kubwa kuliko zote ni hii: ushauri unachukulia kuchechemea kama ugonjwa, wakati kuchechemea ni dalili tu. Kwenye mguu wa mbwa mchanga kunaweza kuwa na mwiba, ukucha uliopasuka au kupe kati ya vidole. Panaweza kuwa na gegedu iliyobanduka begani, kiwiko ambacho mifupa yake haikukua sambamba, nyonga iliyolegea. Panaweza kuwa na viungo kadhaa vilivyovimba kwa pamoja kwa sababu kinga ya mwili imevigeukia, au kwa sababu ya maambukizi yanayoletwa na kupe, ambao kwetu hawaadimiki. Hakuna hata kimoja hapo kinachotibiwa kwa kopo la kalsiamu.

Na ushauri huu una ndugu zake wawili wabaya zaidi. Wa kwanza ni "mpe ya kwako": ibuprofeni au diklofenaki. Dozi ambayo wewe unaimeza ukaenda kazini inaweza kumtoboa mbwa tumbo na kumharibu figo. Usimpe. Wa pili ni sindano ya steroidi bila uchunguzi. Mbwa anaamka kesho yake anarukaruka, watu wanapiga makofi. Steroidi hupunguza uvimbe wa karibu kila kitu, ndiyo sababu haikuambii tatizo lilikuwa nini, na kama ni maambukizi, unaweza kuwa umeyafungulia njia. Yapo magonjwa ya viungo ambayo steroidi ndiyo tiba yake hasa, lakini hiyo ni baada ya kupima.

Sasa wewe ufanye nini? Kabla ya kwenda kwa daktari wa mifugo, mpige video kwa simu akitembea taratibu kuja kwako na kwenda. Kama ni mguu wa mbele, tazama kichwa: hukiinua pale mguu unaouma unapokanyaga chini. Andika ni mguu upi, lini, anazidi akitoka kulala au akitoka kukimbia. Kagua nyayo. Na kama ana homa, kiungo kimevimba na ni cha moto, hakanyagi kabisa, au fizi zimepauka, usisubiri kesho.

Turudi kwa yule mama. Mwezi wa tano alimpeleka mbwa kwa daktari. Daktari hakuanza na dawa. Alianza vidoleni, akapanda taratibu, na alipokunja kiwiko, mbwa alilia. Picha ya eksirei ilionyesha viwiko vyote viwili vina kasoro, na baridi yabisi tayari imeanza. Sasa anapunguzwa uzito, anatembezwa kwa kamba muda mfupi mfupi, na anapewa dawa ya maumivu ya mbwa. Ataishi, lakini atachechemea.

Kwenda mapema kusingevifanya viwiko vile viwe vipya. Lakini kungempa daktari nafasi zaidi, pamoja na kufikiria upasuaji kabla kiungo hakijaharibika hivyo, na kungempunguzia mbwa miezi minne ya kukimbizwa uani na watoto huku anaumia. Nilikwenda kumwomba mama yule radhi. Akanijibu, "Mwanangu, si ulisema wa kwenu alipona?"

Ni kweli, alipona. Ndiyo maana nilikuwa na uhakika vile.