Fundi wa Chumba cha Juu

Jumamosi jioni Mwanjelwa, jijini Mbeya, picha za kutazama ni nyingi kuliko mtu anavyoweza kuzimaliza mwaka mzima. Kuna kibanda umiza chenye runinga moja, mabenchi ya mbao na ubao wa chaki mlangoni: saa kumi mpira wa Uingereza, saa moja picha la Kichina. Kuna vijana waliokaa na kompyuta pembezoni mwa barabara, wakiwajazia wateja muvi kwenye flashi, zilizotafsiriwa na zisizotafsiriwa. Kuna simu, kila mtu na yake. Kisichokuwepo ni pazia jeupe la kutazamwa na watu mia tano kwa mkupuo mmoja, na fundi aliyejifungia kwenye chumba kidogo juu, nyuma ya vichwa vyao, ambaye riziki yake ni kuhakikisha pazia hilo haliingii giza.

Mwanjelwa haijulikani kwa jumba la aina hiyo. Ni mahali palipokuzwa na biashara, kando ya barabara kuu ya kwenda Zambia, na kumbukumbu yake kubwa ya umma ni ya soko: soko lililoungua mwaka 2006 na kujengwa upya. Hata hivyo, mazungumzo ya majumba ya sinema yanasikika Mbeya kama yanavyosikika kwingine. Wapo waliohamishiwa huku kikazi, na ujana wao waliuacha Dar es Salaam, Tanga au Unguja. Watu hao wakianza kusimulia, husifia viti, husifia roshani, humsifia Raj Kapoor wa picha za Kihindi. Fundi wa chumba cha juu hawamtaji. Pengine ndivyo alivyotaka mwenyewe, kwa sababu usiku aliotajwa ulikuwa usiku ulioharibika.

Lakini tuyape majengo haki yao kwanza. Zanzibar ilitangulia. Hassanali Adamji Jariwalla, aliyeanza biashara hii kwa maonyesho ya kwenye hema, alifika hatua ya kujenga ukumbi uliokusudiwa kumfanya mtazamaji ajione mgeni wa heshima. Ukumbi huo, Royal, ulifunguliwa mwaka 1921, na mchoro wake ulikuwa wa John Sinclair, ofisa wa Kiingereza aliyeacha alama yake kwenye majengo mengi ya Mji Mkongwe. Miaka ya mwanzo ya 1950 ukaungua. Mahali pale pale, mwaka 1955, pakafunguliwa Majestic, jengo la mtindo mpya wa zama zake. Dar es Salaam ilikuwa na Empire, Empress, Avalon, Odeon na nyingine, na mwaka 1966 ikaongeza uwanja wa sinema ya magari, ambako familia nzima iliegesha gari mbele ya pazia lililosimama wazi chini ya nyota. Leo kiwanja hicho kina ubalozi wa Marekani.

Anayeyakumbuka majumba hayo kwa mapenzi huwa anaruka baadhi ya mambo. Kulikuwa na bodi za ukaguzi za kikoloni zilizoamua kwamba picha fulani Waafrika wasiione. Kulikuwa na bei za viti: mwenye pesa roshani, asiye nayo mbele kabisa, shingo juu. Na picha inayopendwa ikifika, walanguzi walizikusanya tiketi mapema na kuziuza mtaani kwa bei waliyoitaka. Pamoja na hayo, Unguja kulikuwa na maonyesho ya wanawake peke yao, na mama ambaye kwa kawaida hakutoka ila kwa harusi au msiba alipata saa tatu za kukaa na wenzake, akalia na kucheka bila kuangaliwa. Ukumbi ulikuwa wa kibaguzi kwa bei na mkarimu kwa nafasi. Yote mawili ni kweli.

Sasa tupande ngazi.

Chumba cha opereta, yule fundi wa juu, kilikuwa kidogo, chenye joto na kelele, na ndani yake zilisimama mashine mbili zinazofanana. Mbili, kwa sababu picha haikuja nzima. Ilikuja kwenye mikebe ya bati, vipande vipande, kila rili kubwa ikiwa na futi 2,000 za filamu, yaani kama dakika 20 na ushei. Filamu ya milimita 35 hupita kwenye mashine kwa picha 24 kila sekunde, futi 90 kila dakika. Picha la Kihindi la saa tatu lina zaidi ya futi 16,000, karibu kilomita 5 za utepe, na ndani yake zaidi ya picha 259,000 zilizotulia tuli. Hakuna hata moja inayotembea. Kila moja husimamishwa mbele ya taa kwa kitambo kisichofikia sekunde, kisha gurudumu lenye umbo la msalaba huivuta na kuleta inayofuata, huku kifuniko kinachozunguka kikizuia mwanga ili jicho lisione mvuto huo. Nusu ya kazi ya sinema ni kuficha giza.

Taa yenyewe haikuwa balbu. Ilikuwa vijiti viwili vya kaboni vilivyowekwa ncha kwa ncha, umeme ukiruka kati yao na kutoa mwako mweupe ambao mtu hawezi kuutazama bila kioo cheusi. Vijiti hivyo viliungua na kufupika huku picha ikiendelea. Nafasi kati yao ikizidi, mwanga hutetereka au kuzimika. Ikipungua, rangi huharibika. Kwa hiyo opereta alikuwa akisikiliza mashine kwa sikio moja, akivisogeza vijiti, akichungulia kwenye kidirisha kuona kama uso wa steringi bado una rangi ya mtu. Moshi ulitoka kwa bomba lililotoboa dari. Kabla ya miaka ya 1950 filamu zenyewe zilitengenezwa kwa nitrati, kitu kinachoshika moto na kuendelea kuwaka hata ndani ya maji, ndiyo maana vyumba hivyo vilijengwa kwa kuta nene na vidirisha vyenye vifuniko vya chuma.

Kipimo cha ufundi wake kilikuwa kwenye kubadilisha rili. Juu kulia mwa pazia, sekunde kama nane kabla ya kipande kwisha, hutokea kidoa cha duara, kinapita kufumba na kufumbua. Opereta anawasha mota ya mashine ya pili. Kinakuja kidoa cha pili, sekunde moja kabla ya mwisho. Hapo anafunga dirisha la mashine ya kwanza na kufungua la pili kwa mkono mmoja, na machozi yaliyoanza kumtoka mwigizaji Nargis kwenye mashine ya kushoto yanaendelea kumtoka kwenye mashine ya kulia. Akichelewa, ukumbi unaona weupe mtupu. Akiwahi, maneno yanakatwa. Katika picha moja ya saa tatu alifanya hivyo mara nane hivi, na akifanya vizuri hakuna aliyejua kwamba amefanya lolote.

Halafu pazia likapanuka. Mwaka 1953 Hollywood, ikiikimbia runinga, ilitoa The Robe kwa mtindo wa CinemaScope. Siri yake ilikuwa lenzi iliyobuniwa na Mfaransa Henri Chrétien miaka ya 1920: kamera inaibana picha kwa upana, hadi nusu, ili iingie kwenye filamu ile ile ya milimita 35, na lenzi ya ukumbini inaikunjua tena. India ilifuata mwaka 1959 kwa Kaagaz Ke Phool ya Guru Dutt, kazi ambayo watazamaji wa wakati ule waliikataa na waliokuja baadaye wakaiheshimu. Mwaka 1975 ikaja Sholay, iliyokuzwa hadi milimita 70 kwa kumbi zilizokuwa na mashine hizo.

Kwa opereta, upana huo ulikuwa kazi ya ziada. Matangazo na habari za mwanzo zilikuja kwa umbo la kawaida; picha kubwa ikija kwa upana mpya, ilibidi abadilishe lenzi, abadilishe kibati cha dirisha la mashine, na mapazia ya pembeni yafunguliwe zaidi. Hapo ndipo ukumbi ulipopumua: watu wakiona mapazia yanaendelea kusogea, walijua wanachokuja kukiona si cha kila wiki. Asiyebadilisha lenzi aliwapa wateja wapiganaji warefu wembamba kama mianzi, na miluzi ilimfikia juu kabla hajajua kosa lake. Hata vidoa vya kubadilishia rili mara nyingi vilivutika navyo: kwenye picha pana duara lilitokea limelala, umbo la yai.

Mji Mkongwe uliongeza ufundi wake mwenyewe. Nakala ya picha ilikuwa ghali, na mara nyingi ilikuwa moja tu. Wenye kumbi wakaamua ionyeshwe kwenye kumbi mbili usiku mmoja: ukumbi wa kwanza unaanza mapema, wa pili unachelewa, na kijana mwenye baiskeli anabeba rili iliyokwisha ukumbi wa kwanza na kuikimbiza kwenye ule wa pili unaoisubiri. Alipita kwenye vichochoro ambavyo mchana havipitiki kwa watu. Kwa sababu yake picha moja iliyotoka Bombay iliweza kuwaliza watu wa pande mbili za mji kwa kupishana muda mfupi tu. Kama kuna kazi iliyostahili kutungiwa picha yake yenyewe, ni hii.

Nyanda za juu zilipata zilichopata. Mikebe ya kwenda Iringa na Mbeya ilipanda mlima wa Kitonga ikiwa imeshatembezwa miji mingine, na filamu iliyopita kwenye mashine nyingi huwa na michubuko, viungo vya gundi na sekunde zilizopotea. Opereta wa mikoani alikuwa pia tabibu: alikagua utepe kwa vidole kabla ya onyesho, akatafuta matundu ya pembeni yaliyochanika, akakata na kuunga. Vijijini kulikuwa na gari la sinema. Tangu 1935 hadi 1937, kutoka Vugiri katika milima ya Usambara, mradi wa Waingereza uliokuwa ukijaribu filamu za elimu kwa Waafrika ulizunguka Afrika Mashariki na kusini yake kwa lori, mashine na jenereta. Miaka ya mwanzo ya 1950 zikaja picha za Kiswahili, mojawapo Muhogo Mchungu, na steringi wake akiwa kijana Rashidi Kawawa, ambaye baadaye aliiacha kamera na kuwa waziri mkuu. Si kila taifa lina waziri mkuu aliyeanzia kwenye pazia jeupe.

Kuanguka kwa majumba ya sinema kunasimuliwa haraka, kwa sababu hakukuwa na kisa kimoja. Mwaka 1968 iliundwa Kampuni ya Filamu Tanzania, ikachukua uagizaji wa picha. Mwaka 1971 sheria ya kutwaa majengo ikawafikia wenye kumbi, na waliolipenda jumba wakawa wapangaji wa Msajili wa Majumba. Baada ya vita vya Kagera fedha za kigeni ziliadimika, na kaboni, lenzi na picha mpya vyote vilinunuliwa kwa fedha hizo. Video ikaingia majumbani, na mwaka 1994 runinga ikaanza rasmi Tanzania Bara, miaka 21 baada ya Zanzibar. Kumbi zikageuzwa maduka, maghala na nyumba za ibada.

Kibanda umiza kilizaliwa hapo, na haifai kukidharau. Kimechukua pazia kikalifanya dogo, lakini kimeleta kitu ambacho hata Majestic haikuwa nacho: mtu anayezungumza na watazamaji. Wafasiri wa filamu kama Derek Mukandala, anayejulikana zaidi kwa jina la Lufufu, walichukua picha za Kihindi, Kichina na Kimarekani, wakaweka sauti yao juu ya sauti za waigizaji, wakaeleza, wakatania, wakamfanya adui wa Hong Kong aongee kama mtu wa Kariakoo. Anayechukulia kazi hiyo kuwa uharibifu wa filamu ajaribu kuifanya kwa dakika kumi. Mfasiri, kama opereta, anafanya kazi kati ya picha na mtu, na kosa lake husikika papo hapo. Tofauti ni kwamba yeye anasifiwa kwa jina.

Kwingineko duniani mkono wa opereta umeanza kutafutwa tena. Mwaka 2015 Quentin Tarantino alipotaka The Hateful Eight ionyeshwe kwa milimita 70 katika kumbi karibu 100, mashine zilifukuliwa kutoka maghalani, zikaungwa upya, na wastaafu wakaitwa kuwafundisha vijana. Mwaka 2023 nakala ya Oppenheimer kwa pazia kubwa kabisa ilikuwa na utepe wa kilomita 17 na ushei, uzito wa kilo 270 hivi, na kumbi zilizoweza kuiendesha zilikuwa kama 30 tu ulimwenguni. Watu walisafiri kutoka mji hadi mji kwenda kuiona.

Zanzibar, wapenda urithi wamekuwa wakipigania Majestic ikarabatiwe. Wakifaulu, wataulizana kuhusu paa, viti na rangi za kuta. Swali la chumba cha juu liulizwe mapema. Ukumbi uliokarabatiwa ukafungwa projekta ya kidijitali utaonyesha picha safi, na hakuna ubaya. Lakini ukibakiza hata mashine mbili za zamani zinazofanya kazi, utahitaji watu wawili watatu wenye subira ya vyuma, na watu hao si lazima watoke pwani. Mafundi wanaofungua amplifaya na redio kwenye meza za Mwanjelwa, wakaziunga kwa vipuri vya mashine tatu zilizokufa, wanajua tayari nusu ya kazi hiyo. Inayobaki ni kufundishwa kukata na kuunga filamu, kulinda lenzi, kusogeza kaboni na kungoja kidoa cha pili bila kupepesa jicho.